Makengeza: mbona mtoto halalamiki ila mtu mzima anaona viwili viwili?

Swali ambalo wazazi wanatuuliza sana kliniki ya macho ni hili, kama jicho la mtoto limeenda pembeni mbona hasemi anaona vitu viwili? Na kweli hasemi, sio kwamba anaficha. Kila jicho linazungushwa na misuli 6 na hiyo misuli inaamrishwa na ubongo kupitia neva 3, sasa mambo yakipishana kidogo tu jicho moja linatazama hapa jingine kule na ubongo unapokea picha mbili. Ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona kwa hiyo unaizima picha ya lile jicho lililopinda, yeye anaona kimoja na anacheza zake kama kawaida. Shida ni kwamba jicho linalozimwa kila siku linakuwa vivu, na ukichelewa sana hata miwani haitalirudisha sawasawa. Tukimpata kabla ya miaka 7 hivi kazi inakuwa rahisi zaidi.

Ndo maana ile "ataacha tu akikua" mimi siipendi kabisa. Kichanga macho yanaweza kupishana mara moja moja miezi ya mwanzo, hiyo haitutishi, lakini akipita miezi 4 na bado, au jicho limepinda muda wote, mlete. Wengine hawana makengeza ni pua tu bado bapa na ngozi ya pembeni inafunika weupe wa jicho. Chukua picha aliyopigwa kwa flashi akitazama kamera moja kwa moja, kile kidoti cha mwanga kinatakiwa kikae sehemu ileile kwenye macho yote mawili. Ila ukiona mboni moja inang'aa nyeupe, na picha nyingine tena hivohivo, usingoje, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya ndani ya jicho.

Kuna watoto miwani peke yake inawanyoosha, hasa wale wanaojikaza ili waone karibu, maana kule kujikaza ndo kunavuta macho ndani. Jicho vivu tunaziba lile zima kwa plasta masaa kadhaa kwa siku, na hapo wazazi wanashtuka, dokta unaziba zima unaacha bovu? Ndiyo, ili hilo bovu lifanye kazi. Na operesheni inarekebisha misuli tu, haiamshi jicho vivu.

Kwa mtu mzima ubongo haujui tena kuzima picha kirahisi, jicho likihama ghafla anaona magari mawili barabarani na hapo hata kuendesha aache. Kabla hujaja jaribu kitu kimoja, ziba jicho moja alafu badilisha. Ukiziba lolote na viwili vinaisha, macho hayako pamoja, tunatafuta kwenye misuli, neva au hata thairoidi, ile tezi ya shingoni. Kama jicho moja likiwa peke yake bado linaona viwili basi tatizo liko kwenye hilo jicho, pengine mtoto wa jicho ameanza, au ukavu, au unahitaji miwani tu. Wenye kisukari na presha neva inaweza kukosa damu ikalegea, wengi wanapona ndani ya miezi 3 hivi na huku nyuma tunaziba jicho au tunabandika prizimu kwenye miwani, yaani lenzi inayopindisha mwanga ili picha mbili zikutane. Kuona viwili kukizidi jioni na kope zinalegea, huenda ni ugonjwa mwingine wa misuli, usiache kutuambia hilo.

Lakini ikija ghafla na kope imedondoka, mboni imetanuka, kichwa kinauma vibaya, au mdomo umepinda au mkono hauna nguvu, hiyo ni emajensi usiku huohuo, sio ya kliniki ya macho tena, inaweza kuwa mshipa wa damu umevimba kichwani au kiharusi.

Na nyie mliokuwa na makengeza toka utotoni mkaambiwa mmechelewa, operesheni ya kunyoosha macho inafanyika hata ukubwani, ila kwanza tunapima kwa prizimu tuone macho yakinyooka utaanza kuona viwili au la.