Mgeni njoo Dar: uongo tunaoambiana kuhusu kutembea na kula Bongo

Mi nakaa Dar mwaka wa kumi na mbili sasa na kila shule zikifungwa mwezi wa sita simu yangu inaanza kuita, binamu, shemeji, mtoto wa mama mdogo, wote wanakuja "kutembea mjini kidogo", na wote wanakuja na mambo yale yale kichwani utadhani wamekaa kikao. Nimechoka kuyajibu kwa simu kwahiyo nayaandika hapa, ukija utakuwa umeshasoma.

Tuanze na lile kubwa, kwamba Dar hakuna cha kuona, ni sehemu ya kulala usiku mmoja halafu asubuhi unapanda boti ya Zanzibar. Hili hata wenyeji wa Dar wanalisema! Mtu amezaliwa Temeke hajawahi kuingia Makumbusho ya Taifa pale karibu na Posta, wakati ndani mle kuna habari ya fuvu la Zinjanthropus, lile alilolikuta Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, na umri wake unakaribia miaka milioni mbili. Ukitoka hapo unatembea kwa mguu tu, hata bajaji huhitaji. Kuna Kanisa la Azania Front na St. Joseph, yote ya enzi za Mjerumani, na kuna Old Boma lenye kuta nene za mawe, la miaka ya 1860 wakati Sultani Majid wa Zanzibar anaanzisha mji huu. Halafu sanamu ya Askari pale Samora, ambayo watu wanaizunguka na magari kila siku hawajui ni ya nini. Ni ya mwaka 1927, Mwingereza aliweka kukumbuka askari wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza, na mwanzo pale Mjerumani alikuwa ameweka sanamu ya gavana wake, Wissmann, ikang'olewa. Yale maandishi ya chini yasome, yapo na ya Kiswahili, na yanawataja wapagazi pia. Hao wapagazi usiwasahau, tutarudi kwao tukifika Kariakoo.

Ila angalizo, Ikulu iko hapo hapo jirani, simu weka mfukoni. Usipige picha Ikulu wala askari walio kazini, usijitafutie maswali ya bure. Na kuna mjomba wangu wa Sumbawanga aliniomba kwa dhati nimpeleke akaone Bunge, ikabidi nimwambie mjomba, Bunge liko Dodoma na makao makuu nayo ni Dodoma, akaniangalia kama vile nimemficha kitu.

Uongo wa pili, na huu ndio unaoua safari za watu: "siku moja inatosha". Binamu yangu wa Njombe alikuja na karatasi kabisa, ameandika kwa kalamu nyekundu, Kariakoo, Coco, Kigamboni, Mbudya, Makumbusho, Mlimani City na Posta, vyote Jumamosi moja. Nikamwambia kaka hiyo ni wiki. Hakuelewa, tukatoka, saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza vitu viwili na cha tatu tunakiangalia kupitia dirisha la daladala, gari limesimama, konda ameshuka ananunua karanga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu, na ukikaa barabarani saa kumi na moja jioni utahisi wote wametoka kwa pamoja. Kwahiyo Dar haipangwi kwa orodha ya unavyotaka kuona, inapangwa kwa upande na kwa saa. Siku ya Posta ni ya Posta, unaunganisha na Feri na pantoni ya Kigamboni maana vyote viko mguu kwa mguu. Siku ya Kariakoo ni ya Kariakoo peke yake. Siku ya Bagamoyo Road unaweka Kijiji cha Makumbusho, unaona nyumba za makabila na ukibahatisha na ngoma, unashuka Mwenge kwenye vinyago vya Kimakonde, jioni unamalizia ufukweni Coco. Asubuhi nenda upande ambao wafanyakazi hawaendi, jioni usirudi nao. Ukishindwa kabisa kupanga, basi chagua Jumapili.

Kuna wanaosema sa hivi shida imeisha, mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, itakufikisha kote. Hapana. Inasaidia sana, sikatai, ile njia ya kwanza iliyoanza 2016 inatoka Kimara inakuja mpaka Kivukoni na ina matawi ya Morocco na Gerezani, kwahiyo Feri, Posta na Kariakoo umefika. Coco haifiki. Kunduchi kwenye maboti ya visiwani haifiki. Huko ni daladala, bajaji au boda, na boda mkubaliane bei kabla hujavaa helmeti, ukishavaa umeshanunuliwa.

Na hili la usafiri lina mwenzake, kwamba basi la mkoani linakushusha Ubungo. Jamani! Stendi ya Ubungo imebaki hadithi, tangu 2021 stendi kuu iko Mbezi Luis, na kutoka Mbezi mpaka Posta ni zaidi ya kilomita ishirini. Bado kuna mtu anampigia ndugu yake "njoo nipokee Ubungo" halafu mmoja yuko huku mwingine kule wanagombana kwenye simu. Kampuni zingine zinakupitisha mpaka kwenye ofisi zao mjini, uliza siku unakata tiketi. Kama unatokea Dodoma au Moro afadhali hata treni ya SGR, tangu 2024 inafanya kazi, Moro ni chini ya masaa mawili na inakushusha katikati ya jiji kabisa, unatoka stesheni Kariakoo inakuita.

Haya, chakula, ambacho najua ndicho kimekuleta hapa.

Watu wanasema chakula cha Dar ni chipsi mayai. Zege, ndio hiyo hiyo chipsi mayai, lipo na linaliwa, sibishi, ila mtu aliyekuja Dar siku tatu akala zege siku tatu nauli yake imepotea. Huu ni mji wa pwani uliokaliwa na Wazaramo, Waarabu, Wahindi, na mikoa yote mpaka ile ya mwisho, na kila mmoja amekuja na sufuria lake. Asubuhi kuna supu na chapati, au vitumbua na chai ya rangi ya tangawizi. Mchana mama ntilie. Jioni mitaa ya Upanga na Kisutu unapata mishikaki, kachori na mix, ambayo Zanzibar wanaiita urojo, na hapa kuna uongo mwingine mdogo kwamba urojo mpaka uvuke maji. Aah wapi. Bakuli la mix ya Dar lina viazi, bhajia, kachori, vipande vya mshikaki, juu chatne ya nazi na vichipsi vyembamba vya muhogo, rojo lake la njano lina ukali wa embe au ukwaju, unakula jasho linatoka puani. Mzenji atakwambia siyo yenyewe. Mwache, ni haki yake.

Pweza sasa. Jioni vijiweni utaona kijana ana meza ndogo, sufuria la supu linachemka, pweza mwekundu amelala kwenye sinia, anamkata vipande vidogo vidogo na kisu chembamba haraka haraka huku anaongea na wewe bila kuangalia kidole. Unachukua kijiti unachoma kipande, unachovya kwenye pilipili, unakula hapo hapo umesimama, supu unaletewa kwenye kikombe na limao. Kosa la wageni ni kutokuuliza bei, maana kinachohesabiwa ni kipande na siyo sahani, na vipande vitamu hivyo nani anahesabu, shemeji yangu alikula akicheka mpaka alipotajiwa hesabu yake. Na ile habari kwamba supu ya pweza inaleta nguvu za kiume hakuna aliyeithibitisha, ni maneno ya biashara. Ni mtamu, inatosha.

Wengine wanaogopa kabisa, "chakula cha barabarani kitakuumiza tumbo, kula hotelini". Tumbo haliangalii kama kuna kitambaa cha meza. Linaangalia chakula kimepikwa saa ngapi na kimekaaje. Mama ntilie mwenye foleni ya mafundi na madereva saa saba mchana, sufuria linapakuliwa bado linatoa moshi, huyo ni salama kuliko bufee iliyolala vuguvugu tangu saa tano. Ninachokwepa mimi ni kachumbari iliyokatwa asubuhi, juisi usiyojua maji yake, na samaki wa kukaanga aliyepoa mwenye nzi. Maji kunywa ya chupa, na hakikisha kizibo kimefungwa vizuri.

Feri nayo ina uongo wake, "nenda Feri samaki ni bei ya bure muda wowote". Feri ni mnada. Alfajiri vyombo vinaingia, dalali amesimama anapaza sauti, mbele yake tenga la changu au nguru mmoja mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, na wanaobishana nae ni watu wanaonunua kila siku ya Mungu, mama ntilie, wa mahoteli, wa magenge. We na begi lako la mgongoni hapo sio mwenzao. Ukitaka kuona mnada fika asubuhi saa kumi na mbili, moja. Ukitaka kula, subiri mambo yapoe kidogo, nunua kwa wa rejareja, funua mashavu uone mekundu na jicho liwe safi halijaingia ndani, kuna vijana wa kupaa samaki kwa hela ndogo, halafu mpeleke kwa wakaangaji pale pale kwenye moto wa kuni na makarai makubwa. Unakula kolekole aliyekuwa baharini jana. Ila ukifika saa tisa mchana unadai bei rahisi utauziwa waliokataliwa na wengine, mimi yalinikuta, niliuziwa vibua tukafika nyumbani mke wangu hakuuliza kitu, alifungua dirisha tu. Na vaa viatu vya kufunika, sakafu yote ni maji na magamba.

Coco sasa. Kila mtu anajua mihogo ya Coco, ya kukaanga, inapasuliwa katikati inajazwa kachumbari na chachandu, na kila mtu anadhani bahari ipo tu, unaenda muda wowote. Bahari ina ratiba zake. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi, kwahiyo saa uliyoogelea Jumamosi iliyopita leo utakuta miamba mitupu na vidimbwi, na ukiingia peku kuna urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miba mwili mzima, anakusubiri. Maji yakijaa kabisa nayo, hasa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, mchanga wenyewe unaliwa mpaka pa kukaa hakuna. Angalia jedwali la maji kwenye simu kabla hujatoka. Kwa visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hivyo hivyo, na kule wahi asubuhi, ukishuka tu kwenye boti agiza samaki wako kwanza ndio uoge, maana anakaangwa taratibu. Beba na kitambulisho, kiingilio cha hifadhi cha mwenyeji na cha mgeni wa nje havilingani.

Kariakoo: "soko liliungua, na kilichobaki ni wezi". Lililoungua Julai 2021 ni jengo la soko kuu, lile alilochora Beda Amuli, msanifu majengo wa humu humu nyumbani, likafunguliwa 1975. Kariakoo yenyewe ni mitaa na mitaa na haijawahi kulala. Jina ndio wale wapagazi niliosema, Carrier Corps ya Mwingereza walikaa hapo, ulimi wetu ukaifanya Kariakoo. Vibaka wapo, simu mfuko wa mbele, usisimame katikati ya njia kuangalia ramani, na ukiambiwa "bro kuna mzigo umeshuka kutoka bandarini" cheka uendelee kutembea. Ila hao wengine maelfu wanaokuita "karibu dada, karibu kaka" wanatafuta hela ya kula kama wewe.

Kuhusu wakati wa kuja, wengi wanasema Desemba. Joto la Desemba la Dar hulijui we mtu wa Makete. Mwezi wa sita mpaka wa nane ndio hewa nzuri, masika ya Machi mpaka Mei kaa kwenu. Lakini Desemba ina siri moja: kati ya Krismasi na mwaka mpya Wachaga wanaenda Moshi, wengine wote wanaenda kwao, na mji unabaki mweupe, kutoka Mwenge mpaka Posta unateleza. Shida ni kurudi, mabasi ya kuingia Dar Januari yanajaa, kata tiketi mapema.

Na Ramadhani usiikimbie. Wanasema mji unalala njaa. Mchana kweli sehemu nyingi zinafunga au zinaweka pazia, kwahiyo kula kwa staha, lakini ikifika magharibi nenda Ilala au Magomeni uone futari, magimbi ya nazi, mihogo, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Ukipita tu barazani utaitwa.

La mwisho, lile linalonihusu mimi: "mwenyeji atanitembeza". Mwenyeji wa Dar anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri anarudi saa mbili usiku, katikati ya wiki utajitembeza mwenyewe na hii karatasi. Mwenyeji unampata Jumapili. Ila ukija na mchele wa Kyela debe moja, naweza kuongea na bosi hata Jumamosi.