Karatasi Zilizogawa Kumbukumbu za Mombasa

Ukitembezwa Fort Jesus utasimuliwa sana habari za Wareno walioanza kuijenga 1593, na za Waomani walioitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Ya juzi hutajwa mbiombio: kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na kwamba juu ya jela hiyo ya Mwingereza ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar.

Bendera ile haikuwa pambo. Kwa mkataba wa 1895, ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki milki ya Sultani. Mwingereza akautawala na kumlipa ada kila mwaka. Bara ilipotangazwa koloni mwaka 1920, Mombasa ilibaki himaya, yaani nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza. Mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, alikutana na liwali na mudiri, watawala wa kienyeji, na kadhi kabla hajakutana na mzungu. Mtu wa Kaloleni, kwa Wagiriama, alikutana na mtoza kodi, na mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, aliiona Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikilipuliwa kwa baruti. Wajukuu wa hawa wawili wakiketi baraza moja kuzungumzia ukoloni, msishangae wakipishana.

Lakini lililowapishanisha zaidi ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wa ukanda ule wapeleke madai yao kwa msajili. Palipokosa mdai pakawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mwenye hati, mashahidi na uwezo wa kufuatilia alitoka na hatimiliki. Mmijikenda (Wagiriama ni miongoni mwao) aliyelima shamba la ukoo, ambalo mipaka yake ni miti na maneno ya wazee, hakuwa na cha kuweka mezani. Wengi waliamka maskwota palepale walipozikwa babu zao.

Matokeo yake yako mpaka mjini. Pita Majengo au Kisauni uitazame nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenyewe ameijenga au ameirithi, anapangisha vyumba, na akitaka anaiuza. Kiwanja, hata hivyo, si chake. Humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na siku ya kuuza huuza kuta na paa. Sisi tumeshazoea. Mgeni kutoka bara hudhani anatapeliwa.

Kisha ikaja Oktoba 1963. Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na Sultani akauachia ukanda uwe sehemu ya Kenya. Katika barua hizo Kenyatta aliahidi uhuru wa kuabudu na kudumu kwa mahakama za kadhi, ambazo leo utazikuta katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Aliahidi pia kwamba hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa. Wanaozisifu barua hizi husoma ahadi ya kwanza, wanaozilaumu husoma ya pili, na kwa maoni yangu kila upande una haki na nusu yake.

Ndiyo maana kauli ya "Pwani si Kenya" ilipata wasikilizaji, hata miongoni mwa watu wasiotaka kujitenga. Ila lipo moja linalorudiwa sana vijiweni ambalo si kweli: kwamba makubaliano ya 1963 yalikuwa ya miaka 50. Maandishi yake hayakuweka ukomo wowote. Dhuluma ya ardhi haihitaji uzushi huo ili isikike. Katiba yenyewe, ibara ya 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria.

Kwa wenye stakabadhi za kodi ya kiwanja, risiti za kodi ya kichwa au barua za liwali majumbani: msizibane kwenye plastiki ya moto (lamination), joto na gundi huziharibu moja kwa moja. Zitieni katika bahasha safi ya karatasi, mbali na unyevu, na mzipige picha pande zote mbili, maana mihuri na maelezo ya karani huenda yako nyuma. Na mzee anayejua mpaka wa shamba, msimrekodi sebuleni. Nendeni naye shambani autaje mti kwa mti.