Herculaneum na Ercolano: mji uliokaa juu ya mji

Mtu akiambiwa "mji wa kale wa Kirumi na jirani yake wa kisasa", hufikiria magofu upande huu, nyumba za watu upande ule, na uzio katikati. Kwa Pompeii, mji mwingine wa Kirumi uliofukiwa na volkano, picha hiyo inakaribia ukweli. Kwa Herculaneum haifai kabisa, maana jirani yake hakai pembeni, anakaa juu yake. Mji wa Ercolano, kusini mwa Naples nchini Italia, umejengwa juu ya mwamba uliouziba mji wa Kirumi, na sehemu iliyofukuliwa hadi leo ni kama robo tu. Kilichobaki kiko chini ya maduka, jikoni na vyumba vya kulala vya watu walio hai.

Tuanze na majina, kwa sababu ndiyo yanayowachanganya wengi. Herculaneum ni jina la Kilatini la mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Ercolano ni jina hilohilo kwa Kiitaliano, na Waitaliano hulitumia kwa miji yote miwili. Lakini mji wa juu kwa karne nyingi uliitwa Resina, ukabadilishwa jina rasmi mwaka 1969. Ukikuta ramani au barua ya karne ya 18 inayotaja Resina, ujue ni mahali hapohapo. Hadhi ya mji wa kale ilikuwa *municipium*, mji wenye baraza na mahakimu wake chini ya Roma. Mzizi wa neno letu "manispaa" uko hapo. Ulikuwa mdogo, wa watu elfu nne au tano hivi, wenye nyumba za matajiri zilizotazama bahari.

Sababu ya kufukiwa kwa namna hii ni upepo. Siku ya kwanza ya mlipuko upepo ulipeleka majivu na vijiwe vyepesi kusini-mashariki, kule Pompeii, vikarundikana mapaani hadi mapaa yakaporomoka. Herculaneum, kilomita 7 hivi magharibi mwa kreta, yaani mdomo wa volkano, ilipata majivu kidogo tu, na mapaa yakabaki yamesimama. Baada ya usiku wa manane nguzo ya majivu iliyokuwa juu ya mlima ilianguka kwa uzito wake. Wingu la gesi na majivu lenye joto la nyuzi mamia kadhaa likateremka mteremkoni kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuikimbia. Yalifuata mawimbi mengine, moja baada ya jingine, yakajaza mitaa, vyumba na ngazi mpaka kina cha mita 20 hivi, kisha yote yakaganda kuwa mwamba.

Hapo ndipo tofauti kubwa na Pompeii inapotokea. Kwa kuwa vifusi viliingia ndani ya nyumba huku vikipanda nje, kuta zilishikiliwa pande zote mbili, na ghorofa za juu zikasalia. Na kwa kuwa mbao zilipata joto kali bila hewa ya kutosha kuwaka, ziligeuka makaa badala ya kuwa jivu. Ni jambo lilelile mchoma mkaa analolitafuta anapofunika tanuri lake kwa udongo. Ndiyo maana leo unaweza kuona mlango wa mbao wa kukunja uliotenganisha sebule, vitanda, hata kitanda cha mtoto mchanga. Upo pia mkate wa mviringo, umekatwa alama za vipande 8, na juu yake mhuri unaosomeka: ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mhuri wa aina hiyo ulimsaidia mtu kuutambua mkate wake baada ya kuokwa.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa wakazi karibu wote walikimbia, kwani mifupa iliyopatikana mjini ilikuwa michache. Kuanzia mwaka 1980 vilifukuliwa vyumba vya matao vya kuwekea mashua kando ya ufuo wa kale, na humo ikapatikana mifupa ya watu wapatao 300 waliokuwa wakingoja kuokolewa kwa njia ya bahari.

Uchimbaji wenyewe ulianzia kisimani. Mwanzoni mwa karne ya 18 wachimba kisima waliangukia marumaru za jukwaa la ukumbi wa maigizo. Mwaka 1738 mfalme wa Naples aliagiza kazi rasmi chini ya mhandisi Alcubierre, kwa njia ya mahandaki. Kuchimba wazi kungebomoa Resina. Tena mwamba ni mgumu na kifusi hakina pa kumwagwa, hivyo handaki jipya likichimbwa, udongo wake uliziba la zamani. Ubaya wake ni kwamba wachimbaji walitoboa kuta zilizopakwa michoro ili wapite moja kwa moja, wakang'oa sanamu na picha zilizovutia na kuacha mengine. Katika jumba moja kubwa nje ya mji walipata magombo ya mafunjo, yaani vitabu vya kale vya kuviringishwa, yapatayo 1,800, yote yamekuwa makaa. Mengi yaliharibika yalipokunjuliwa kwa mkono. Mwaka 2023 ndipo maneno ya kwanza yaliposomwa ndani ya gombo lililofungwa, kwa picha za eksirei na programu za kompyuta.

Mji tunaoutembelea leo umefukuliwa kwa sehemu kubwa na Amedeo Maiuri kuanzia mwaka 1927, safari hii kutoka juu, mtaa kwa mtaa. Matokeo yake ni shimo kubwa lenye kingo za mwamba, na shimo lina taabu zake. Mvua ya mji wa juu hutiririkia humo. Ufuo wa kale sasa uko mita 4 hivi chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda na lazima yavutwe kwa pampu. Maiuri alirudishia mapaa kwa zege lenye nondo. Nondo zikipata unyevu hushika kutu, hutanuka, na zege hupasuka juu ya michoro ileile iliyokusudiwa kulindwa. Kinyesi cha njiwa nacho hula kuta na mbao.

Mradi wa uhifadhi ulioanza mwaka 2001 haukukimbilia kufukua zaidi. Ulitengeneza mapaa, ukazibua mifereji ya Kirumi ya maji taka ili ipitishe tena maji ya mvua. Huo kwa maoni yetu ndio uamuzi bora uliowahi kufanywa hapo, maana nyumba iliyo chini ya mwamba inaweza kusubiri, iliyofunuliwa haiwezi. Mfereji mmoja wa kale ulipotolewa uchafu wake, ulitoa miiba ya samaki, mbegu za tini na mabaki ya mlo wa kila siku wa watu wa ghorofani.

Ukienda, shuka kituo cha treni cha Ercolano Scavi, yaani "machimbo ya Ercolano", kisha fuata barabara inayoteremka moja kwa moja kuelekea baharini. Karibu na hapo kuna soko la mitumba la Pugliano, linalojulikana kote Italia tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukifika ukingoni mwa shimo, inua macho kabla ya kushuka: nguo zimeanikwa kwenye roshani juu ya mwamba, na barabara kuu ya Kirumi imefukuliwa kiasi tu, sehemu yake nyingine imezama chini ya nyumba hizo.

Ukumbi wa maigizo ulioanzisha yote bado uko ardhini, chini ya mtaa unaoitwa Corso Resina, na watu huuingia kwa ngazi na mahandaki yaleyale ya karne ya 18. Ndani, kwenye mwamba wa dari, kuna alama ya uso wa mtu. Ni ya sanamu iliyokandamizwa na majivu kabla hayajaganda. Sanamu yenyewe iliondolewa, uso wake ukabaki.