Rangi kali pekee haikulindi usiku

Wengi huamini kwamba kizibao chochote cha njano au chungwa kali kinatosha kazini, mchana na usiku. Imani hiyo ni ya hatari.

Rangi hiyo hung'aa kwa kugeuza miale ya urujuanimno ya jua, ambayo jicho haliioni, kuwa mwanga unaoonekana. Jua likizama, miale hiyo haipo, na kitambaa hubaki nguo ya kawaida tu. Usiku kinachomwokoa mfanyakazi ni ile mikanda ya kijivu. Ina vishanga vidogo mno vya kioo, au prizimu (vipande vidogo angavu vyenye pembe), vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva. Mkanda ukijaa matope au grisi, au ukichubuka, haurudishi mwanga ipasavyo, hata kama kitambaa bado kinapendeza.

Tena vizibao havilingani. ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha nguo za kumfanya mfanyakazi aonekane, kina madaraja 3: la 2 hudai angalau mita za mraba 0.50 za kitambaa king'aavu na 0.13 za mkanda. La 3 hudai 0.80 na 0.20. Kizibao kisicho na mikono hakifiki daraja la 3 peke yake. Kwa hiyo kando ya barabara ya magari yaendayo kasi, hasa usiku, tafuta koti la mikono mirefu, au suruali yenye mikanda iliyothibitishwa pamoja na kizibao hicho. Ghalani penye mwanga mzuri na mashine za mwendo mdogo, daraja la chini laweza kutosha, tathmini ya hatari ikiruhusu.

Kabla ya kununua, soma lebo ya ndani: namba ya kiwango, daraja, na mara ngapi nguo inaweza kufuliwa.