Oili za sinthetiki kwa magari ya Ulaya: dhana potofu zinazouzwa pamoja na chupa

Mtu anayeingia duka la spea mjini Nakuru kutafuta oili ya Volkswagen au Mercedes-Benz lililotumika Japani au Uingereza kabla ya kushushwa Mombasa huonyeshwa chupa tatu au nne zilizoandikwa 5W-30, kila moja na bei yake. Muuzaji humwambia kwamba iliyo ghali ndiyo nzuri, ilhali fundi anayemngoja nje humwambia kwamba zote ni sawa na kinacholipiwa ni jina tu. Wote wawili wamekosea, lakini kosa la fundi ndilo lenye hasara kubwa zaidi, kwa hiyo nitaanza nalo.

“5W-30 ni 5W-30.” Nambari hizo hueleza mnato wa oili peke yake, yaani uzito au wepesi wake inapotiririka, tena kwa upana. Oili ya 5W-30 iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha ILSAC, kamati ya watengenezaji wa magari wa Marekani na Japani, ambacho magari mengi ya Kijapani hukitumia, inaruhusiwa kuwa na mnato wa milipaskali-sekunde (kizio cha mnato) 2.9 inapopimwa kwa nyuzijoto 150 chini ya msuguano mkali, kwa sababu oili nyepesi hupunguza matumizi ya petroli. Viwango vya A3/B4 na C3 vya ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, vinadai kipimo hicho kisishuke chini ya 3.5. Kipimo hicho huonyesha utando unaobaki kati ya chuma na chuma injini inapochemka, hasa ndani ya tabochaja, na anayepanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa hadi Timboroa akiwa na abiria watano na mizigo ataielewa tofauti hiyo bila kuhitaji maabara. Oili ya kwanza si mbaya. Inafaa sana kwa gari lililobuniwa kuitumia. Ila mwenye Mercedes anayefurahia kuipata kwa bei nafuu hajapata nafuu yoyote, kwa kuwa amenunua bidhaa nyingine kabisa.

Kinachostahili kulinganishwa, basi, ni idhini ya mtengenezaji wa gari, ambayo huchapishwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo: VW 502.00 au 504.00/507.00, MB 229.5 au 229.51, BMW Longlife-01 au Longlife-04. Kitabu cha gari lililotoka Japani mara nyingi huwa cha Kijapani, lakini nambari hizo husomeka katika lugha yoyote. Soma pia kitenzi kinachozitangulia. Chupa inayosema kwamba oili “imeidhinishwa” inamaanisha kwamba kampuni ya magari iliikagua na kuipa hati. Inayosema kwamba “inafaa kwa” au “inakidhi matakwa ya” inatoa dai la aliyeichanganya tu. Mercedes-Benz huchapisha kwenye mtandao orodha ya oili ilizoziidhinisha, na kuitazama kwa simu ukiwa bado mbele ya kaunta si utovu wa adabu.

“Maadamu imeandikwa sinthetiki kamili, ubora ni mmoja.” Neno hilo halina maana moja duniani. Mwaka 1999, katika mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol nchini Marekani, iliamuliwa kwamba mafuta ya petroli ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kwa kutumia haidrojeni, yaani yale ya Kundi la III katika mgawanyo wa mafuta ya msingi yanayotengenezewa oili, yanaweza kuitwa sinthetiki. Ujerumani, kwa upande wake, imeendelea kulihifadhi jina hilo kwa mafuta yaliyoundwa upya kwa kemia, yale ya Kundi la IV na la V. Ndiyo maana chupa mbili zenye maneno yale yale zinaweza kupishana bei mno. Hata hivyo, nisingemshauri mtu alipe zaidi kwa ajili ya kundi peke yake. Zipo oili nyingi za Kundi la III zenye idhini kamili, na idhini hutolewa baada ya oili iliyokamilika, pamoja na viambato vyake vyote, kujaribiwa ndani ya injini.

“Idhini mpya zaidi ndiyo bora kwa kila gari.” Hapa hata wasomaji wa lebo huteleza. Oili za C3, kama zile zenye VW 507.00, hutengenezwa zikiwa na jivu lisilozidi asilimia 0.8 ili zisizibe filta ya masizi ya gari la dizeli, kwa kuwa masizi huungua lakini jivu haliungui. Gharama ya hilo ni kwamba akiba yake ya alkali, inayopambana na asidi zinazotokana na salfa, inaweza kuwa 6 tu, wakati A3/B4 hudai angalau 10. Petroli na dizeli za Ulaya huwa na salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni; Kenya ilihamia kiwango cha 50 mwaka 2015. BMW yenyewe kwa miaka mingi ilizuia Longlife-04 isitumike kwenye injini za petroli nje ya Ulaya. Kwa gari la petroli lisilo na filta hiyo, linalozunguka Kisumu, oili ya bei ya chini kidogo yenye idhini ya zamani inaweza kuwa chaguo la busara kuliko ile mpya.

Kuhusu usemi kwamba joto la Kisumu linataka 20W-50, jibu ni fupi: nambari ya pili hupimwa kwa nyuzijoto 100, ambalo ni joto la injini na si la mtaa wa Kondele saa nane mchana. Oili ya 5W-40 na ya 15W-40 zimo katika daraja moja zikishapata moto. Asubuhi ndipo ya kwanza hufika juu ya injini mapema zaidi.

“Ya ghali inakula pesa.” Hesabu ifanywe kwa kilomita. Injini ya Golf ya 1.4 TSI ya kizazi cha EA111 huchukua lita 3.6. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba chupa ya lita nne isiyo na idhini ni shilingi 3,200 nawe unaimwaga kila kilomita 5,000, na yenye idhini ni shilingi 6,000 nawe unaimwaga kila kilomita 10,000. Kwa kilomita hizo 10,000 umelipa 6,400 na filta mbili upande mmoja, na 6,000 na filta moja upande wa pili. Usivuke hapo, ingawa VW huruhusu hadi kilomita 30,000 kwa 504.00/507.00: ruhusa hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vumbi la barabara zetu na safari fupi za sokoni.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache si dalili kwamba ni duni. Imebeba masizi, na ndiyo kazi yake. Dalili ya kuogopa ni bei iliyo chini mno ya maduka yote mengine, kwa sababu oili bandia huuzwa kwenye chupa halisi. Niliwahi kukuta gereji moja ikiuza mikebe mitupu, mikebe yenye vifuniko vyake ikilipiwa zaidi, na tangu siku hiyo mkebe wangu mtupu huutoboa kwa bisibisi kabla sijaondoka.