Upanga wa Kijeshi wa Kijapani: Usiuamulie kwa Mpini na Ala

Dhana: Mpini ukiwa wa kijeshi, bapa nalo ni la kiwandani.

Ofisa wa Japani alijinunulia upanga wake. Wengi waliagiza mpya, lakini wapo waliochukua upanga wa ukoo, wa karne kadhaa, wakauvalisha mpini na ala ya shin gunto, yaani upanga wa jeshi, ya mtindo wa 1934 au 1938. Mavazi yanakupa umri wa mavazi tu. Anayejua habari za bapa ni msuka, ule mkia wa chuma uliojificha ndani ya mpini.

Ili kuufikia, sukuma kigingi cha mwanzi kuanzia ncha yake nyembamba. Mipini mingine ina viwili. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa wima na umeinama kidogo, kisha gonga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia mpaka bapa lilegee. Kikinga mkono kisiguswe na nyundo. Vibati vilivyokibana viweke kwa mfuatano wake, maana vikichanganyika, tundu la mpini na la msuka hayatakutana tena.

Dhana: Kutu ya msuka isuguliwe ili maandishi yasomeke.

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu halina marekebisho. Kutu nyeusi iliyotulia ni ushahidi wa umri. Ya kahawia, yenye alama za tupa zilizo kali bado, huashiria kazi ya miaka ya 1930 na 1940. Ukisugua, umefuta vyote. Mulika taa kutoka ubavuni, maandishi yatajitokeza.

Dhana: Jina la mhunzi ni uthibitisho wa kazi ya jadi.

Mapanga mengi ya wakati wa vita yasiyo ya jadi, yaani showato, yana jina. Tafuta muhuri mdogo karibu nalo: 昭 au 関 kwa kawaida huonyesha chuma kisicho cha jadi. Nyota huwa ya wahunzi wa jeshi waliopewa tamahagane, chuma cha mchanga wa chuma. Tarehe nayo ni hesabu nyepesi: mwaka wa Showa (enzi ya Mfalme Hirohito) jumlisha 1925, hivyo 昭和十七年, yaani Showa 17, ni 1942.

Dhana: Ukiona mawimbi kwenye makali, ni upanga wa jadi.

Mawimbi hutokana na kupoza bapa la moto ghafla, kwa jadi ndani ya maji, lakini mafuta pia huyaleta. Viwanda viliyapenda mafuta kwa kuwa hupoza chuma polepole kuliko maji, na bapa halipasuki ovyo. Simama chini ya balbu moja, tazama kwa mshazari: bapa lililopozwa kwa maji lina ukungu mweupe wa chembechembe mpakani mwa mawimbi, la mafuta mara nyingi mpaka wake umefifia, na vilele vina mabaka meusi.

Dhana: Namba kwenye bapa inatosha kuthibitisha upanga wa sajini.

Mtindo wa 1935 una mfereji ubavuni, namba karibu na kikinga, na mara nyingi mpini wa alumini uliopakwa rangi. Linganisha namba hiyo na ya kwenye ala. Zikitofautiana, ala imebadilishwa.

Dhana: Showato zote ni hafifu.

Za shirika la reli la Manchuria, Mantetsu, zilitengenezwa kwa mrija wa chuma kigumu uliotiwa kiini laini, na ni mapanga ya kuheshimika. Ila usiipeleke Japani kung'arishwa: sheria huko husajili mapanga ya jadi pekee, na showato ikikamatwa inaweza isirudi.