Kupunguza fulana pana: yanayosemwa na yalivyo

Fulana ikikupwaya, ushauri utakaoupata ni uleule: igeuze ndani nje, piga mshono mmoja wa kuteremka kutoka kwapani hadi kwenye pindo, umemaliza. Kwa fulana chache ushauri huo hufaa. Nyingi huharibika hapo hapo, kwa sababu fulana ya umbo la sanduku huwa pana kuanzia juu, wala si kiunoni peke yake.

Ivae, simama mbele ya kioo, tazama mshono wa bega. Ukiwa umekaa pale mfupa wa bega unapoishia, au umepita kwa upana wa kidole tu, una bahati: kazi iliyobaki ni ya ubavuni na mikononi. Lakini ukiwa umeteremka hadi juu ya mkono, hata ubane kiuno vipi, juu patabaki pamepwaya. Dawa yake ni kufumua mikono, kukata ziada ya bega kwa kufuata fulana nyingine inayokukaa vizuri, kisha kuishona mikono upya. Ni kazi ndefu, na kwa fulana usiyoipenda sana sioni sababu ya kujisumbua. Ifanye nguo ya kulalia.

Kwapa nalo lina dhana yake: eti likishushwa chini mkono unapata uhuru. Ni kinyume kabisa. Kwapa likiwa chini, kila unapoinua mkono fulana nzima inapanda nao. Kwa hiyo mshono mpya usianzie kwapani. Uanzie kwenye pindo la mkono, upite chini ya mkono, uzunguke kwapani kwa mviringo laini bila kona, halafu ndipo ushuke ubavuni. Kona kali hapo huacha mikunjo ambayo hata pasi haiiondoi.

"Napunguza sentimita 2 tu." Hapa hesabu huwaponyoka hata wazoefu. Ukiusogeza mshono ndani kwa sentimita 2, umekula 2 mbele na 2 nyuma. Ubavu mmoja umepoteza 4, na mbavu mbili 8. Sentimita 8 ni nyingi sana kwenye mzunguko wa fulana. Piga bandi kwanza kwa mkono, yaani mshono wa muda wa kushikilia tu, ivae, inua mikono, keti, inama. Mkasi usubiri.

Kuna pia wanaodhani kwamba kupendeza maana yake ni kubana. Mimi naona fulana nzuri hugusa mabega na kifua, kisha ikateremka bila kung'ang'ania tumbo. Ukitaka kiuno kionekane, mshono uingie ndani kidogo tu na utoke tena kuelekea nyonga. Ukiingia sana, kitambaa hukusanyika mgongoni juu ya kiuno. Mwenye tumbo atapendeza zaidi kwa mstari ulionyooka kuliko kwa huo wa kuingia na kutoka.

Je, maji ya moto? Wapo wanaoichemsha fulana ya pamba wakitumaini itapungua pande zote. Kitambaa cha fulana cha pamba kwa kawaida hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, hivyo unaweza kuishia na fulana fupi na bado pana, yaani sanduku zaidi kuliko lile la mwanzo. Faida ya kuosha ni nyingine: fulana mpya ya pamba ifuliwe na kukaushwa kabla ya kupimwa, ili isirudi baada ya kushonwa.

Usiuamini sana mshono wa ubavuni kama kipimo. Fulana nyingi hujipinda zikishafuliwa, na mshono wa ubavu mmoja ukaja mbele huku wa pili ukienda nyuma. Nyingine hazina mshono wa ubavuni kabisa, zimefumwa duara kama bomba. Zikunje katikati kwa kulinganisha mabega na shingo, ndipo upige chaki.

Kuhusu vifaa, hofu ni kubwa kuliko inavyostahili. Si lazima uwe na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo ukingo uliokatwa haufumuki nyuzi kama ule wa shati, hujikunja tu. Cherehani ya kawaida inatosha ikiwa na uzi wa poliesta, sindano ya ncha ya mviringo ya vitambaa vinavyovutika, namba 75 au 80, na zigizaga nyembamba, yaani mshono wa kwenda kushoto na kulia: upana wa milimita 0.5 hadi 1, urefu 2.5. Mshono ulionyooka ndio wa kuogopa, kwa kuwa kitambaa kikivutika, uzi unakatika. Asiye na cherehani ashone kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, bila kukaza uzi.

Na kabla ya yote hayo, jaribu kukunja pindo. Mara nyingine kinachoifanya fulana ionekane pana ni urefu wake, na ukiipunguza hadi karibu na mfupa wa nyonga, ubavu hauhitaji kuguswa. Unaposhona pindo usikivute kitambaa, kiache kijiendee chini ya sindano. Likitoka na mawimbi, weka pasi yenye mvuke juu yake, inua, weka tena, bila kuiburuza. Palipo na picha iliyochapwa, pasi ipite kwa ndani.